Siku Nchikavu Alipobaki

Mvua ilianza alfajiri na haikuonyesha dalili yoyote ya kuchoka, na katika nyumba ya Nchikavu watu walikaa kunywa chai wakizungumza mambo yote ya dunia isipokuwa jambo moja. Walizungumza juu ya bati la jikoni linalovuja. Walizungumza juu ya kuku wa Bi Mkubwa, aliyeamua siku hizi kutaga ndani ya kiatu cha shule cha binti wa Nchikavu. Binti akadai kiatu chake, Bi Mkubwa akamtetea kuku. Upepo ulipolibamiza dirisha mazungumzo yalikatika kidogo, kisha mmoja wao akayaokota na kuendelea nayo kama hakuna lililotokea.

Jambo wasilolitaja lilikuwa hili: nyavu za nyumba hiyo zilikuwa majini. Nchikavu na shemeji yake walizitega jana jioni nyuma ya majabali, ziwa likiwa limetulia, wakijua watazivuta alfajiri kama kawaida. Alfajiri ikaja na dhoruba. Nyavu zikiachwa katika maji ya namna hiyo, mawimbi huzisokota na kuzijaza magugu, na mwishowe huzing'oa pamoja na mawe yake na kwenda nazo. Samaki wa siku moja si kitu, watakuwapo wengine. Lakini nyavu zile zilikuwa mpya, na mke wa Nchikavu ndiye aliyezifunga maboya kwa mikono yake mpaka vidole vikachubuka. Nyingine walizokuwa nazo ni zile kuukuu za stoo, ambazo hata panya walikwisha kuzikinai.

Na kwa nini wasiseme? Kwa sababu nyumba hiyo ilikuwa na sheria, na sheria ilikuwa ya Bi Mkubwa, mama yake Nchikavu. Mvuvi akitaka kutoka, hakuna ruhusa ya kumwambia usiende. Si kwamba neno hilo lina mkosi. Bi Mkubwa hakuwa mtu wa mikosi. Ila yeye mwenyewe alimwambia mumewe hivyo asubuhi moja ya zamani, kwa sauti ya juu, mbele ya watoto. Mzee akajibu, naye akajibu, mlango ukabamizwa, na mzee hakurudi. Tangu siku hiyo mama huyo aliamini kwamba mtu akitoka na ugomvi kichwani, macho yake hayako kwenye maji. Kwa hiyo nyumbani kwake mvuvi huagwa kwa uso mkunjufu, hupewa koti lake, na uamuzi huachiwa yeye. Mwenye hofu akaimalizie kwenye vyombo.

Nchikavu, bila shaka, hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa ufukweni mwaka uliopita, siku aliyogeuza boti katikati ya safari kwa sababu aliona wingu asilolipenda. Wenzake waliendelea, wakarudi na samaki wa kutosha na vicheko vya kuzidi, na wingu lenyewe likaishia kuwa wingu tu. Aliyembandika jina ni jirani anayeitwa Kapteni, mvuvi mwenye maneno mengi, anayeishi peke yake na ambaye mashati yake yote hayana vifungo. Jina likashika. Watoto walilijua, mwenye duka alilijua, hata mkewe aliwahi kulitumia kwa utani, akajuta kabla hajamaliza kulitamka. Nchikavu alicheka pamoja na wengine, maana afanyeje. Lakini tangu hapo hakugeuza boti tena, na mkewe alijua mumewe huwaza nini kila anga linapochafuka.

Mumewe sasa alikuwa amesimama mlangoni na kikombe kitupu mkononi. Kapteni alipita njiani, kopo la mafuta begani, maji yakimtiririka usoni, akaita kwa furaha ya mtu aliyeona kitu cha kuchekesha.

"Nchikavu! Ukibaki usijali. Nitakuletea wa mboga."

Akacheka mwenyewe, akaenda zake. Hakukusudia ubaya, na nadhani kama angejua neno lile lilivyomwingia mwenzake angelirudisha kinywani. Nchikavu alikiweka kikombe juu ya meza polepole.

"Nyavu haziwezi kukaa," akasema. "Nakwenda."

Kisha mkewe akamwambia koti lake liko nyuma ya mlango, limekauka. Bi Mkubwa akamwombea Mungu amtangulie. Binti akakazia macho chai yake. Walikuwa wamefanya vizuri, wote watatu, na kila mmoja alikuwa na moyo unaopiga kama mlango usio na komeo.

*

Mkewe, hata hivyo, hakuwa na hofu kubwa kama aliyostahili kuwa nayo, kwa sababu alikuwa na siri. Upepo ulipoanza, kabla ya wengine kuamka, alikwenda sebuleni ambako mashine ya boti hulazwa nyuma ya kochi kwa kuogopa wezi. Akaifungua mfuniko, akachomoa plagi, kile kidude cha kuwashia moto wa mashine, akaisukumia chini kabisa ndani ya debe la unga. Aliona kazi yake ni safi. Hakuna neno lililosemwa, hakuna sheria iliyovunjwa. Mumewe ataibeba mashine mpaka ufukweni, ataivuta kamba mpaka mkono umuume, atatukana kidogo, kisha atarudi nyumbani kulala. Nyavu zitakwenda. Yeye atabaki. Alikuwa amekwisha kuzililia nyavu gizani, kimyakimya, akamaliza.

Nchikavu akavuka uwanja kwenda kumwita shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa akiishi katika chumba cha uani na kuvua naye. Akamkuta amelala kifudifudi, shuka mpaka kichwani.

Shemeji akasema kwa sauti ya mgonjwa kwamba tumbo limemshika. Tumbo lenyewe lilikuwa zima kabisa, na dakika chache kabla lilikuwa limepokea viazi vya jana vyote vilivyobaki sufuriani. Lakini boti ile ni ya watu wawili, mmoja kwenye mashine na mmoja kwenye wavu, na kijana alikuwa amepiga hesabu yake vizuri: yeye akiugua, safari imekufa. Alikuwa anampenda shemeji yake na alikuwa anaogopa maji ya siku ile, na tumbo lilimpa nafasi ya kufanya yote mawili bila kumwaibisha mtu.

Nchikavu alimtazama kwa huruma. Akamwekea mkono mgongoni.

"Pole, shemeji. Lala. Nitakwenda peke yangu."

Hapo ndipo kijana alipogundua alichokifanya. Alilala kidogo akiutazama ukuta. Alijiona akiwa amempeleka mume wa dada yake kwenye dhoruba peke yake, kwa viazi. Akaketi kitandani.

"Naona limeachia," akasema.

"Tumbo?"

"Limeachia. Huwa linafanya hivyo."

Nchikavu alikuwa na mengi kichwani, hakuuliza zaidi. Nchikavu akaichukua mashine begani, shemeji akaishikilia kwa nyuma, wakateremka ufukweni kwenye matope.

*

Pale ufukweni kuna banda la kupimia samaki, na siku ile kila mwenye macho alikuwa chini ya paa lake. Wavuvi wengi walikuwa wamekwisha kuamua kubaki, na waliobaki wakiwa wengi huitwa wenye busara. Lakini Nchikavu hakuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Mtu mwingine akibaki amebaki tu. Yeye akibaki, ni Nchikavu amebaki. Alipotokea na mashine begani mtu mmoja akapiga mluzi, na mwingine akasema leo jina litabadilika. Boti moja tu ilikuwa imetoka, ya Kapteni, na ilikuwa haionekani tena.

Wakaiteremsha boti mpaka kwenye ukingo wa maji, wakaifunga mashine. Nchikavu akavuta kamba. Akavuta tena. Banda lote lilitulia likimtazama, na hakuna kitu kigumu kama kuvuta kamba ya mashine iliyokataa huku watu wanahesabu. Akafungua mfuniko, akaona tundu la plagi liko wazi.

Alimwuliza shemeji yake kwa macho. Shemeji akatikisa kichwa, na kweli hakujua. Nchikavu akatazama ziwa. Kwa makasia, wakipita nyuma ya magugu ambako mawimbi yamevunjika kidogo, wangeweza kufika kwenye majabali. Kurudi ndilo lingekuwa swali. Akaingia ndani ya boti kuchukua makasia, na maji yakamlaki kwenye vifundo vya miguu, yakipanda kutoka chini. Kizibo, kile kijiti kinene cha mpira kinachofunga tundu la kutolea maji sakafuni, hakikuwapo.

Binti alikuwa amefika wakati huo, ametumwa na mama yake kupeleka kofia ambayo hakuna aliyeihitaji. Mama alitaka tu kujua mashine imekataa au la. Binti akasimama na kofia mkononi, akamwona baba yake akilivua shati lake ndani ya koti la mvua, akilichana, akilikunja tambara na kulishindilia ndani ya tundu la boti kwa kisigino. Akamwona mjomba wake akishusha makasia. Binti akageuka na kukimbia.

*

"Baba ameziba boti kwa shati," alisema alipofika jikoni, pumzi zikimkatika. "Mashine haiwaki. Wanakwenda kwa makasia. Kizibo hakipo, plagi haipo, baba anaziba kwa shati."

Mama yake alikuwa anaosha sufuria. Mikono ilisimama ndani ya maji.

"Kizibo?" akauliza. "Kizibo kimekwenda wapi?"

Yeye plagi aliijua. Kizibo hakukijua. Akageuka kumtazama mkwewe, na Bi Mkubwa, mama mtu mzima mwenye heshima zake, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto, akaanza kufungua fundo katika upindo wa kanga yake. Alifungua taratibu, fundo lilikuwa limekazwa sana. Kizibo kikatoka.

"Nilikwenda nikakichomoa jana usiku," akasema bila kuinua macho. "Goti lilikuwa linaniuma. Goti hili likiuma hivi, mvua haiko mbali."

Mke wa Nchikavu akaiacha sufuria. Alikwenda kwenye debe, akauzamisha mkono ndani ya unga mpaka kwenye kiwiko, akautoa mweupe pe, na kiganjani mlikuwa na plagi.

Walitazamana. Siku nyingine wangecheka mpaka wakae chini, na kusema kweli Bi Mkubwa kinywa chake kilitaka kucheka, kikashindwa. Maana jambo lilikuwa wazi sasa, hata binti alilielewa. Kila mmoja peke yake alikuwa amemzuia. Wote pamoja walikuwa wamemwondolea mashine na kumtobolea boti, kisha wakampa koti na kumtakia safari njema. Walikuwa wanamzamisha kwa mapenzi.

"Nimwambieje, mama?" mkewe akauliza. "Nikimpelekea hivi, atawasha mashine atakwenda. Nisipompelekea, atakwenda hivyohivyo na tambara."

Bi Mkubwa alikuwa anakifinya kizibo mkononi. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu asubuhi ile ya mlango kubamizwa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwachia mtu yeyote alitamke neno lile mbele yake, hata kwa mzaha. Akamwita mkwewe karibu, akamwekea kizibo juu ya plagi kiganjani.

"Nenda kamwambie."

"Lakini si tulisema humu ndani hatusemi..."

"Huko ufukweni si humu ndani," Bi Mkubwa akasema. "Kamwambie. Ila usimfokee, mwanangu. Mimi nilifoka."

*

Alikimbia bila viatu. Alipofika boti ilikuwa imekwisha kusukumwa, mumewe yuko nje ya boti maji ya mapaja, ndugu yake ndani ameshika makasia, na kila wimbi lilikuwa linairudisha boti ufukweni kana kwamba nalo lina maoni. Banda lilipomwona mwanamke anaingia majini na nguo zake, mluzi na vicheko vilikoma.

Nchikavu alimtazama akija. Alidhani kuna msiba nyumbani.

Mkewe akafungua kiganja. Mvua ilikuwa imeugeuza unga kuwa uji, na katikati ya uji huo mlikuwa na plagi na kizibo.

"Hii niliificha mimi," akasema. "Hiki alikificha mama. Sasa boti yako imekamilika, huna kilichopungua." Akamwekea vyote viwili mkononi. "Nami nakwambia kwa mdomo wangu, baba watoto. Usiende."

Ufukwe mzima ulisikia. Hata wale wasiosikia waliambiwa na wenzao. Nchikavu alisimama, koti limefunguka kwenye kifua kisicho na shati, na kwa muda uso wake ulikuwa mgumu. Mkewe aliona kwamba amemwaibisha mbele ya watu, na aliona pia kwamba angekuwa tayari kumwaibisha hivyo kila siku ya maisha yake.

Ndani ya boti shemeji akakohoa.

"Na mimi sikuwa naumwa tumbo," akasema. "Bora niseme sasa."

Nchikavu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akaangalia kule kwenye majabali, ambako maji yalikuwa yanapanda meupe na kushuka. Alipozungumza alizungumza chini sana, na ni mkewe tu aliyesikia, nami nawaambia kwa sababu ni jambo la kumpa heshima.

"Nilipoona tundu halina kizibo," akasema, "nilishukuru Mungu. Nilishukuru kabisa. Halafu nikaona watu wananitazama, nikaogopa wataona nimeshukuru. Ndipo nikachana shati."

Mkewe akamshika mkono. Wakaiinamia boti pamoja, yeye upande huu na mumewe upande ule, na shemeji akashuka kusukuma kutoka nyuma, wakaivuta mpaka kwenye nchi kavu. Chini ya banda mtu mmoja akaanza kicheko, akaona hakuna wa kumsaidia, akakigeuza kuwa kikohozi.

*

Ningependa kusema kwamba ziwa lilimpa Nchikavu haki. Halikumpa. Mchana mvua ilipungua kidogo, mawimbi hayakupungua, na watu walianza kumtafuta Kapteni kwa macho.

Nchikavu hakuweza kukaa nyumbani. Alikula kidogo, akavaa shati jingine, akarudi ufukweni. Njiani alijikamata anawaza jambo baya: kwamba Kapteni asiporudi, hakuna atakayemcheka tena mtu aliyebaki. Wazo lilikuja lenyewe, kwa upole, kama mgeni anayejua mlango. Aliona aibu kuliko ile ya asubuhi. Alikwenda moja kwa moja akachukua kamba ndefu ya nanga kwenye boti yake, akaanza kuikunja tayari.

Boti ya Kapteni ilionekana ikija upande, mashine imekufa, mtu mmoja ndani yake anapiga kafi kushoto, anachota maji kwa kopo, anapiga kafi kulia. Kwa kawaida hakuwa na msaidizi. Vibarua hawakudumu naye, maneno yake yaliwachosha. Upepo ulikuwa unamsukuma kuelekea kwenye mawe. Nchikavu akajifunga kamba kiunoni, akampa shemeji ncha nyingine, watu wa banda wakaja kuishika bila kuitwa, naye akaingia majini mpaka kifuani, wimbi likamfunika, akatokea, akaendelea. Akaidaka boti ya Kapteni kwenye pua. Watu wakavuta.

Kapteni alikuwa na samaki. Hilo lazima lisemwe. Chini ya maji yaliyojaa boti kulikuwa na samaki wakubwa, wazuri, na watu waliwaona wote. Alikuwa mzima, alikuwa amekwenda na amerudi, na kwa hesabu za ufukweni yeye ndiye mwanamume wa siku hiyo. Aliinua kichwa akatabasamu na midomo ya bluu.

"Nyavu zako zimekwenda," akamwambia Nchikavu. "Niliona boya moja, nalo lilikuwa linakimbia." Kisha, kwa sauti ya kuwafikia wote, kwa mazoea tu, maana mtu akichoka hufanya lile alilozoea: "Na wewe ulikuwa wapi, Nchikavu?"

"Niliogopa," Nchikavu akasema. "Nikabaki."

Alilisema wazi, kama mtu anayejibu kuhusu bei ya kitu. Wale waliokuwa wamejiandaa kucheka hawakujua wacheke wapi. Kapteni alijaribu kushuka kwenye boti, miguu ikakataa, na Nchikavu akamchukua begani kama alivyokuwa ameichukua mashine asubuhi.

*

Walimpeleka nyumbani kwa Nchikavu kwa sababu kwake hakukuwa na mtu wa kuwasha moto. Wakampa shati kavu. Lilikuwa na vifungo vyote, na binti alisema baadaye kwamba alimdhania ni mtu mwingine.

Mke wa Nchikavu alizipokea habari za nyavu akiwa jikoni, akadhani amekwisha kuzililia, kumbe bado. Akalia waziwazi huku anakoroga. Mumewe akaja kusimama karibu naye, akasema kesho watazitoa zile za stoo wazishone, na mkewe akasema zile ni mashimo yaliyofungwa pamoja kwa uzi, na wakacheka kidogo, wote wawili na macho yenye maji. Miezi migumu ilikuwa inawasubiri na walijua hivyo. Watakula samaki wa watu. Watakodisha boti yao kwa wenye nyavu. Nchikavu atafanya kibarua katika boti ya mtu mdogo kuliko yeye, atatumwa, ataitika. Mkewe alimtazama akiwa hapo na maji yakimchuruzika sikioni, akamfuta kwa pindo la nguo yake.

Mezani Kapteni alianza kusimulia. Wimbi la kwanza lilikuwa kubwa kama nyumba, la pili kama nyumba mbili. Hakuna aliyemkatiza. Bi Mkubwa alimsogezea sahani, shemeji akampisha mahali penye joto. Lakini hadithi ilikuwa inamwishia kinywani, na kijiko kilikuwa bado kikavu mkononi mwake. Mwishowe akakiweka chini.

"Hata mimi niliogopa," akasema. "Tangu asubuhi. Nilisimama mlangoni kwangu nikaliangalia lile ziwa, miguu hii haikutaka." Akacheka kidogo. "Nilipita hapa kwako nikakutania, nikitaka uniambie nimepungukiwa akili. Hukuniambia."

Nchikavu akamsogezea kikombe.

"Wewe ulifuatwa mpaka majini," Kapteni akaendelea, akitazama sahani. "Nimeambiwa na watu wa banda. Mimi hakuna aliyeniambia hata nisubiri mvua ikatike."

Binti aliacha kutafuna. Mke wa Nchikavu alisimama na mwiko mkononi. Bi Mkubwa alikuwa anamtazama mgeni wake, huyu mtu mzima mwenye ndevu, katika shati la mwanawe, na wakamwona anajiandaa kusema kitu, anakiacha, anajiandaa tena. Alikuwa ameketi wima, mikono imeshika ukingo wa meza.

"Kesho ukiamka," akamwambia, "ukakuta hali ndiyo hii..."

Mvua ilikuwa inapiga bati, na hakuna aliyemsaidia, kwa sababu neno lilikuwa lake.

"Usiende," akasema.

Alilisema kwa sauti ndogo, bila kufoka hata kidogo. Kapteni alifungua kinywa kutafuta utani. Alitafuta kweli, walimwona, lakini hakuupata.

"Nimesikia, mama," akajibu.

Bi Mkubwa akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha, akayafuta kwa kiganja mbele ya wote. Kisha akachukua upawa, akamwongezea chakula katika sahani iliyokuwa bado imejaa.